Kwaresima Huanzia Ghalani

Kwa sisi tunaoishi chini ya mlima wa Wanale, Kwaresima huja wakati ghala zimepungua. Mavuno ya mwaka uliopita yamekwisha kuliwa, au yameuzwa ili kulipa karo. Kiangazi kimekausha bustani za mboga. Na majembe yananolewa kungojea mvua za Machi. Wakati huo huo Kanisa linatuita tufunge. Mtu anayeusikia wito huo huweza kuuliza, na swali lake ni la haki: nyumba iliyo na kidogo itajinyima nini?

Swali hilo nimelisikia mara nyingi katika jumuiya yetu, nami naona yafaa lijibiwe nyumbani kabla halijajibiwa kanisani. Padre hutupaka majivu, lakini debe la unga, sufuria na mfuko wa mshahara vimo mikononi mwetu.

Wazee wa Bugisu husimulia kwamba Masaba, baba wa kabila lao, alikuwa na wana watatu: Mwambu, Wanale na Mubuya. Mlima wetu una jina la mmoja wao. Ukisimama mjini Mbale na kuelekeza macho mashariki, utauona umesimama kama ukuta. Wakati wa mvua, maporomoko ya maji huteremka katika miamba yake kama nyuzi nyeupe. Wakati wa kiangazi hupungua hata jicho likayatafuta. Juu yake watu wanalima kahawa, ndizi, kabichi na vitunguu, na alfajiri akina mama huteremka na mizigo kichwani kwenda sokoni. Chini yake uko mji, na ndani ya mji zimo nyumba za askari wa polisi, wa magereza na wa jeshi, pamoja na familia zao zilizotoka katika kila pembe ya Uganda.

Ndiyo sababu jumuiya yetu husali kwa Kiswahili. Majirani zetu wa mlimani husali kwa Lugisu, na wazee wengi walifundishwa dini kwa Luganda. Lakini mke wa askari aliyetoka Gulu, mwenzake aliyetoka Arua na wa tatu aliyetoka Mbarara, wote hao hawana lugha nyingine ya kukutania. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizitilia mkazo tangu miaka ya 1970, zimetufaa sana sisi watu wa uhamisho. Mwaka huu uko Jinja, mwakani uko Mbale, mwaka wa tatu uko Moroto. Parokia hubadilika na jimbo hubadilika, kwa maana Jinja ni jimbo tangu mwaka 1966, na Mbale imo katika Tororo, iliyopandishwa kuwa jimbo kuu mwaka 1999. Lakini popote uendapo hukosi nyumba kumi au kumi na tano zinazokutana juma kwa juma, na mlango ulio wazi.

Kwanza tuelewane juu ya hesabu na sheria, maana nyumba nyingi husumbuka bure kwa kutozifahamu.

Kwaresima huanza Jumatano ya Majivu. Siku hiyo huhama mwaka hata mwaka kwa kuwa huifuata Pasaka, na haiwezi kutangulia tarehe 4 Februari wala kupita tarehe 10 Machi. Mwaka 2024 iliangukia tarehe 14 Februari, na mwaka 2025 ilikuwa tarehe 5 Machi. Kutoka siku hiyo hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Ukiziondoa Jumapili 6, ambazo si siku za kufunga, zinabaki 40.

Kwa Wakatoliki, siku za lazima za kufunga ni mbili tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kufunga maana yake ni kula mlo kamili mmoja kwa siku. Kitu kidogo asubuhi na jioni hakikatazwi. Wanaopaswa kufunga ni wale waliotimiza miaka 18 hadi wanapotimiza 59. Kuacha nyama siku hizo mbili na Ijumaa za Kwaresima kunawahusu waliotimiza miaka 14. Mgonjwa, mama mjamzito, mama anyonyeshaye na mtu wa kazi nzito hawabanwi na sheria ya kufunga. Askari aliye zamu usiku kucha na silaha begani, au aliye katika matembezi ya doria mlimani, hatendi dhambi akila chakula chake apate nguvu. Mwenye shaka amwendee padre wake amwulize, kwani ndiyo kazi yake.

Nimeyaeleza haya kwa sababu nimeona nyumba ambamo mfungo wote hutwikwa watoto na mama. Uji wa mtoto hupunguzwa sukari, chakula cha jioni hupunguzwa posho, na mama hula ukoko uliobaki, hali baba anaondoka jioni kwenda mahali pake pa kawaida kama mwezi wowote mwingine. Huo si mfungo wa nyumba. Kanisa halikumwagiza mtoto wa miaka sita afunge kwa niaba ya mtu mzima wa miaka arobaini.

Tena kuna jambo la nyama. Kwa wengi wetu nyama ni chakula cha sikukuu au cha siku ya mshahara. Wenzetu waliohamia hapa kutoka Jinja huleta desturi ya samaki wa ziwani siku ya Ijumaa, na akina mama hununua mukene wakavu sokoni. Watu wa mlimani wana malewa, yaani machipukizi ya mwanzi kutoka misitu ya Masaba. Hukaushwa kwa moshi, yakaloweshwa na kuchemshwa, kisha yakaungwa kwa njugu zilizosagwa. Chakula hicho ni kitamu kiasi kwamba mtu akikipata siku ya Ijumaa hahisi kuwa amenyimwa kitu. Basi kama nyumba haikuwa na nyama Jumatatu wala Jumanne, na Ijumaa imekula malewa mazuri, imejinyima nini hasa? Imetii sheria, na kutii ni vyema. Lakini sheria ni kizingiti cha mlango tu, na nyumba bado iko mbele.

Jumapili ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, jumuiya yetu hukusanya matawi makavu ya mitende ambayo kila nyumba iliyatunza tangu Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Mengine yametoka juu ya mlango, mengine nyuma ya picha ukutani, na mengine yamekwisha kuliwa na wadudu. Yote hufungwa fungu moja na kupelekwa parokiani, yachomwe yawe majivu. Kisha tunaketi kupanga: nani atawaongoza watoto katika Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa, nani atawatembelea wagonjwa, nani atapika kwa ajili ya bibi asiye na mtu.

Katika kikao cha namna hiyo, mwaka 2016, kilisemwa neno ambalo tangu hapo limeongoza mfungo wa nyumba yangu. Kila mtu alikuwa akitaja atakachoacha. Mmoja alisema sukari, mwingine soda, kijana mmoja akasema ataacha kubeti mpira. Bibi mmoja mkulima kutoka mtelemko wa Wanale, ambaye huwa hasemi sana, aliuliza: “Hicho mnachokiacha, mmekipa kazi gani?”

Hatukumwelewa mara moja, naye akatueleza kwa mfano wa shamba. Katika nyumba ya mkulima, alisema, mahindi ya mbegu hutundikwa juu ya meko ili moshi uyalinde yasitobolewe na wadudu. Mwezi wa Februari, chakula kinapokuwa haba, watoto huyatazama mahindi yale kila siku, na mama huyatazama pia. Ni chakula, na njaa ipo. Lakini hakuna anayeyagusa, kwa sababu yamekwisha kupewa kazi. Mvua zikija yatakwenda shambani. Mtu akiyaacha tu bila kuyapanda, wadudu watayala na hatakuwa amefunga bali amepoteza.

Kwa maneno hayo machache alitufafanulia jambo ambalo nabii Isaya analisema katika sura ya 58, sura inayosomwa kanisani Ijumaa inayofuata Jumatano ya Majivu. Mfungo anaoutaka Mungu hauishii tumboni mwa mwenye kufunga. Unafika kwa mwenye njaa na kwa asiye na nyumba. Kinachoachwa lazima kipewe kazi. Nyumba inayoacha sukari kisha ikaitunza fedha yake yenyewe imefanya uangalifu wa fedha, na uangalifu ni tabia njema, lakini si Kwaresima.

Kazi yenyewe ilikuwa karibu nasi mwaka ule. Katika safu yetu ya nyumba alikuwapo mjane wa askari. Mume wake alikuwa amefariki miezi michache kabla, na kama ilivyo desturi, nyumba ya serikali hurudi kwa serikali. Alikuwa ajiandae kuondoka na watoto wake. Ndugu zake walikuwa wamempa kipande cha shamba juu ya mlima, lakini hakuwa na mbegu wala jembe la pili. Mke yeyote wa askari anaposikia habari kama hiyo hutulia kimya, kwa maana kila mmoja wetu anajua kwamba nyumba anayoifagia si yake.

Tukapiga hesabu. Mahali pa starehe kwa wanaume wengi wa hapa ni kwenye chungu cha malwa, pombe ya ulezi inywewayo kwa mirija mirefu, watu wameketi duara. Mtu akitumia shilingi 2,000 kwa siku, kwa siku 40 ni shilingi 80,000. Ikiwa kilo ya maharage ni shilingi 4,000, hizo ni kilo 20. Nyumba nne zikiungana, ni shilingi 320,000. Hapo ndipo tulipoona kwamba nyumba zile zilizosema hazina kitu cha kujinyima zilikuwa na kitu, ila hakikuwa ghalani.

Sitaki kuwasingizia wanaume kwamba walikubali kwa shangwe. Mmoja alisema kuwa mrija wake ndio baraza lake, na kwamba akiondoka kwenye duara kwa siku arobaini, atakaporudi atakuta mahali pake pamekaliwa. Alisema kweli. Pale kwenye chungu askari huzungumza mambo ambayo hawezi kuyazungumza kazini wala nyumbani, na kumwambia aache malwa ni kumwambia aache pia na wenzake. Ndiyo maana mume wangu alitoa shauri lililosaidia: wanaume wanne waache pamoja, na jioni waketi kwetu uani kunywa chai. Mfungo wa mtu mmoja katikati ya walevi ni mgumu. Mfungo wa watu wanne una mazungumzo yake.

Lakini lilikuwapo tatizo la pili, nalo ndilo lililonifundisha kwa nini Kwaresima inahitaji matayarisho. Mwaka ule Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 10 Februari, na Pasaka tarehe 27 Machi. Kama tungeweka akiba siku kwa siku na kuitoa Pasaka, kama ilivyo mazoea, mjane angepata fedha za mbegu wakati majirani zake wamekwisha kupanda na mimea yao imechipua. Shamba halimngojei mtoaji. Sadaka iliyochelewa mvua haina kazi tena mpaka msimu mwingine.

Kwa hiyo tuliamua kutanguliza. Kila nyumba ilitoa kutoka mshahara uliokwishapokelewa, kisha ikajilipa yenyewe polepole kwa kujinyima siku zile arobaini. Mbegu za mahindi na maharage zilinunuliwa Februari, pamoja na jembe. Mvua zilipofika, zilimkuta mjane na mbegu mkononi. Siku hizo nilifahamu tofauti ya mfungo uliotayarishwa na mfungo wa kushtukiza. Wa kushtukiza huanza Jumatano asubuhi kwa mtu kujiuliza aache nini. Uliotayarishwa huanza kwa kumwuliza jirani anahitaji nini, na lini.

Sisi wa pande hizi tuna sababu nyingine ya kulijua hilo. Tarehe 1 Machi 2010, Jumatatu ya juma la pili la Kwaresima, mvua kubwa iliuporomosha mlima huko Nametsi, wilaya ya Bududa, na udongo ukaifukia senta ya biashara na kituo cha afya. Watu wengi walifukiwa, na wengi wao miili yao haikupatikana. Njia zilikuwa zimeharibika hata mashine kubwa zisiweze kufika, hivyo askari na wanakijiji walichimba kwa majembe na sepetu. Walionusurika wengi walihamishiwa mbali, Kiryandongo. Mlima uliporomoka tena Bukalasi tarehe 11 Oktoba 2018, na Bulambuli tarehe 27 Novemba 2024. Mjini Mbale kwenyewe, usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mto Nabuyonga na mto Namatala ilifurika na kuchukua watu na mali.

Misiba hiyo haikuchagua msimu. Ule wa 2010 ulikuja katika Kwaresima, mingine ilikuja nje yake. Lakini yote huikuta nyumba katika hali moja kati ya mbili: ama imezoea kutenga fungu lisilo lake, ama haikuzoea. Iliyozoea hutoa blanketi na unga siku ile ile. Isiyozoea husikitika kwa dhati, kisha hutafuta mfukoni na kukuta hamna kitu. Siku arobaini ni zoezi. Ninyi askari mnaelewa kuliko wengine kwamba mtu hajifunzi kulenga shabaha siku ya vita.

Ziko nyumba ambazo baba hayupo. Tangu Machi 2007 askari wa Uganda wamekuwa wakitumikia Somalia, na wengine wako mipakani na Karamoja. Mama wa nyumba kama hiyo husema, “Nitafunga mwenyewe, yeye yuko kazini.” Mimi ningemshauri asimwache nje. Siku chache kabla ya Jumatano, ampigie simu, amweleze nyumba imeamua kuacha nini na fungu litakwenda kwa nani, naye aseme lake. Askari aliye kazini hula anachopewa ili atimize wajibu wake. Lakini anaweza kuacha matusi, anaweza kuacha kamari, anaweza kumsamehe mwenzake waliyegombana naye. Mtoto akijua kwamba baba yake aliye mbali anashika mfungo ule ule, umbali hupungua kidogo.

Tena tusisahau kwamba hatufungi peke yetu. Mbale ni mji wa Waislamu wengi pia. Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa hapa mwaka 1988, na katika nyumba zetu za askari ukuta mmoja tu huwatenganisha wanaokwenda msikitini na wanaokwenda kanisani. Mwaka 2025, Ramadhani ilianza siku chache tu kabla ya Jumatano ya Majivu. Nilimwona jirani yangu Mwislamu akijitayarisha majuma mawili mapema: ghala limepangwa, tende na unga vimepimwa, na fungu la majirani limewekwa kando kabla ya fungu la nyumbani. Jioni wanawe walinibishia hodi na sahani ya sambusa, na siku ya Pasaka wanangu walikwenda kwao na kuku. Sikuona haja ya kuulizana nani amefunga zaidi.

Basi, ndugu msomaji, Kwaresima ijayo, usingoje majivu yawe kwenye paji la uso ndipo uanze kufikiri. Juma moja kabla, chakula cha jioni kikiisha, keti na watu wa nyumba yako, na watoto wakubwa wawepo. Chukua daftari la shule lililobaki kurasa, uandike mistari mitatu: kitu tutakachoacha, thamani yake kwa siku arobaini, na mtu au kazi ya kupelekewa. Mstari wa tatu uandikwe kwanza. Ukishajua ni nani, na anahitaji lini, mistari miwili ya kwanza haikupi taabu sana. Na wale wenye kidogo kabisa wasione haya. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Asiye na fedha anaweza kutoa asubuhi moja ya jembe katika shamba la mgonjwa, na mwezi wa Machi asubuhi moja ya jembe ina thamani kubwa.

Mjane yule hakai tena katika safu yetu. Yuko mlimani, na baadhi ya siku za soko hupita kwetu na kabichi zake. Mwaka uliofuata ule wa 2016, katika kikao chetu cha kabla ya Jumatano ya Majivu, aliteremka na kikapu cha maharage ya mbegu, akauliza safari hii ni zamu ya nani.